Robert Koch: Bingwa wa viini aliyepita kwetu na kuacha funzo chungu

BINTI mmoja ninayemfundisha hapa Kismayo ameamua kwamba akimaliza shule atasomea bakteria na viini vingine katika chuo kikuu. Mamake, ambaye huuza vitambaa kati ya hapa na Dobley, alinijia akiwa na wasiwasi. Alitaka kujua ni kazi gani hiyo ya kuchungulia vidudu visivyoonekana, na kwa nini mtoto aliyebahatika kusoma asichague biashara, au basi udaktari unaoeleweka na watu.

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Mimi mwenyewe nilisomea ukimbizini nchini Kenya, na hadubini ya kwanza niliyoijua ilikuwa imechorwa ubaoni kwa chaki. Badala ya kumpa jibu, nilimsimulia maisha ya mtu aliyeufanya ujuzi huo ukawa somo la chuo kikuu.

Leo nawasimulia na nyinyi wasomaji, hasa mliorejea nyumbani na mnaovuka mpaka kila wiki. Mtu huyo hakuishia Ulaya. Alifika upande wetu huu wa dunia mara kadhaa, na aliyoyafanya huku yana tamu na chungu.

Jina lake ni Robert Koch. Alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal, eneo la migodi katika milima ya Harz, Ujerumani. Babake alikuwa afisa wa migodi na nyumba ilijaa watoto 13. Inasimuliwa kwamba kabla ya kupelekwa shule alikuwa amejifunza kusoma kwa kutazama magazeti ya nyumbani.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen na hatimaye akasomea utabibu. Wakati huo hapakuwa na somo la bakteria katika chuo chochote. Madaktari wengi waliamini kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na hewa chafu inayofuka kutoka ardhini. Lakini mmoja wa maprofesa wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika zamani kwamba maradhi hayo huletwa na viumbe hai vidogo mno. Henle hakuwa na ushahidi. Ushahidi ungekuja kuletwa na mwanafunzi wake.

Koch alifuzu mwaka 1866, akaoa mwaka uliofuata, akahangaika kutoka mji hadi mji akitafuta riziki kama tabibu yeyote kijana. Alihudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871. Mwaka 1872 akateuliwa tabibu wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

Maabara nyuma ya pazia

Huko Wollstein hapakuwa na maktaba kubwa wala chuo wala mwenzake wa kujadiliana naye. Koch aliwatibu wagonjwa mchana, na nyuma ya pazia katika chumba hicho hicho akaweka hadubini yake. Wanyama wake wa majaribio walikuwa panya.

Ugonjwa uliomsumbua ulikuwa kimeta. Wafugaji wa Juba wanaujua vyema. Mnyama mzima huanguka ghafla akafa, na damu nyeusi isiyoganda humtoka puani. Wakulima wa Wollstein walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka baada ya mwaka.

Wataalamu wengine walikuwa wameona vijiti vidogo katika damu ya wanyama hao. Koch alitaka kujua kama vijiti ndivyo vinavyoua au vimefuata tu mzoga. Akachonga vibanzi vya mti, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akavichoma kwenye mkia wa panya. Panya akafa, na damu yake ikajaa vijiti vile vile.

Kisha akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili, katika maji ya jicho la ng'ombe. Hapo akagundua siri ya malisho. Mambo yakiwa magumu, vijiti hujigeuza kuwa mbegu ngumu ambazo hukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Mnyama akila majani hapo, mbegu huamka.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kuwaonyesha maprofesa majaribio yake yote mbele ya macho yao. Tabibu wa mashambani, mwenye umri wa miaka 32, akawa amethibitisha kwa mara ya kwanza kwamba bakteria fulani huleta ugonjwa fulani.

Anayenunua mifugo kwa ajili ya soko la Garissa anapaswa kukumbuka jambo hilo. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hachinjwi wala hapasuliwi, kwa maana damu ikimwagika mbegu husambaa. Mzoga huteketezwa au huzikwa kwenda chini sana.

Kiazi, jikoni na mwani

Mwaka 1880 serikali ilimwita Berlin na kumpa maabara. Shida kubwa ya wakati huo ilikuwa kuvitenga viini. Ukikuza viini ndani ya supu, vya kila aina huchanganyika, na huwezi kujua ni kipi mwuaji na ni kipi mpita njia.

Koch aliona jambo kwenye kipande cha kiazi kilichoachwa wazi. Kilikuwa na madoadoa ya rangi mbalimbali, na kila doa lilikuwa na viini vya aina moja tu. Juu ya kitu kigumu, viini haviogelei vikachanganyika. Kila kimoja hubaki mahali pake na kuzaa kizazi chake.

Akajaribu jelatini, lakini ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa akigandisha vyakula vyake kwa agaa, utomvu unaotokana na mwani mwekundu wa baharini, ujuzi uliotoka Java. Agaa haiyeyuki upesi. Hadi leo maabara zote duniani hukuza viini juu ya agaa, katika visahani vilivyobuniwa mwaka 1887 na Julius Richard Petri, msaidizi mwingine wa Koch. Watu wa pwani tunaokanyaga mwani kila siku tuna haki ya kujua kwamba sayansi hii inautegemea.

Baada ya kupata njia ya kuvitenga viini, Koch alijiwekea sharti. Kwanza, kiini kipatikane kwa kila mgonjwa wa maradhi hayo na kisipatikane kwa mzima. Pili, kitengwe na kukuzwa peke yake. Tatu, kikiingizwa kwa mnyama mzima, kimletee maradhi yale yale. Nne, kitolewe kwa mnyama huyo na kionekane kuwa ni kile kile. Kwa ufupi, usitamke mpaka uone, utenge, ujaribu na urudie.

Ni kwa sharti hilo alipoukabili ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi kuliko vita. Machi 24, 1882, alisimama mbele ya madaktari wa Berlin akatangaza kwamba amekipata kiini cha kifua kikuu. Kiini hicho hukua polepole mno, kwa wiki nyingi, na kukikuza kulihitaji subira. Siku hiyo ya Machi 24 sasa huadhimishwa kote ulimwenguni kuwa Siku ya Kifua Kikuu.

Kipindupindu na mchanga

Mwaka uliofuata kipindupindu kilizuka Misri. Koch alifika Alexandria Agosti 1883 na kikosi cha Wajerumani. Kikosi cha Wafaransa nacho kilikuwapo, na kijana wao mmoja, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa. Mlipuko wa Misri ulipopungua, Koch aliufuata ugonjwa hadi Calcutta, India.

Huko alikiona kiini kilichopinda kama alama ya mkato. Alikipata kwa wagonjwa, na alikipata pia katika bwawa ambalo watu walilitumia kunywa, kuoga na kufulia. Daktari Mwitaliano, Filippo Pacini, alikuwa amekiona kiini hicho mwaka 1854, lakini hakusikizwa.

Sisi wa mwambao hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Mwaka 1869 na 1870 kiliwaua maelfu ya watu Unguja. Mwaka 2017, wakati wa ukame, wagonjwa zaidi ya 70,000 waliripotiwa kote Somalia na zaidi ya 1,000 walifariki. Wengi wetu tunamjua aliyeharisha asubuhi akazikwa jioni.

Kwa hivyo kisa cha Hamburg kinatuhusu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia katika bandari hiyo ya Ujerumani na kuua watu wapatao 8,600. Jirani yake, Altona, ulikuwa mji ulioungana nao kiasi kwamba mtaa mmoja ulikuwa nusu Hamburg nusu Altona. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Tena Altona ilichota upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa mtoni. Hata hivyo, Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa.

Koch, aliyetumwa huko na serikali, alieleza sababu. Hamburg ilitoa maji mtoni na kuyapeleka majumbani bila kuyachuja. Altona iliyapitisha polepole katika mchanga. Tofauti ya uhai na kifo ilikuwa tabaka la mchanga na watu wa kulitunza.

Nilipofika hapo, mama wa yule binti aliniuliza kama mchanga wetu wa Koyama na Chula hautoshi. Nilimwambia mchanga tunao. Tunachokosa ni mtu wa kuyapima maji ya kisima baada ya kuchujwa na kusema kwa uhakika kama yananyweka. Mpaka apatikane, tuyachemshe au tuyatie dawa.

Alipokosa subira

Hadi hapo hiki ni kisa cha ushindi mtupu, na ningeishia hapo kama ningetaka kumdanganya mwanafunzi wangu.

Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande wakiwa na matumaini. Lakini alikuwa ametangaza kabla ya kujaribu vya kutosha, na alikataa kueleza dawa imetengenezwa kwa nini. Wengi hawakupona, wengine hali zao zilizidi, na wengine walikufa. Mtu aliyewafundisha walimwengu wasitamke kabla ya kuhakikisha alitamka.

Tuberkulini haikupotea kabisa. Ilibainika kuwa nzuri kwa kupima kama mtu ameambukizwa. Baadhi yenu mliopimwa kifua kikuu kabla ya kuhamishiwa ng'ambo mnaikumbuka ile sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono, na kurudi baada ya siku mbili tatu kutazamwa uvimbe. Asili yake ni dawa ile iliyoshindwa.

Baada ya hapo Koch alianza kusafiri sana. Mwishoni mwa 1896 alikuwa Kimberley, Afrika Kusini, akipambana na sotoka, maradhi yaliyoangamiza ng'ombe kuanzia pembe ya Afrika hadi kusini. Sotoka huletwa na virusi, ambavyo hadubini ya wakati wake haikuweza kuvionyesha. Alibuni chanjo kutokana na nyongo ya ng'ombe wagonjwa, ambayo wengine waliiboresha. Maradhi hayo yalitangazwa kuwa yametokomezwa duniani mwaka 2011, na mifugo ya eneo hili la mpaka wa Somalia na Kenya ilikuwa miongoni mwa ya mwisho kuchunguzwa na kuchanjwa.

Kutoka Afrika Kusini alipitia India kuchunguza tauni, na mwaka 1897 akatia nanga Dar es Salaam, ambako Wajerumani walikuwa wamefungua hospitali mpya ufuoni. Alikaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria na maradhi ya mifugo.

Alirudi mwaka 1905. Safari hii alifuata njia za misafara kutoka pwani kuelekea bara, akichimbua vumbi katika vibanda walimolala wapagazi. Alikuwa akitafuta papasi, wale kupe wa sakafuni. Alionyesha kwamba homa ya papasi hutokana na kiini wanachokibeba, na kwamba papasi jike hukirithisha mayai yake. Kibanda kinaweza kukaa bila mgeni na bado kikawa na sumu. Wachunguzi wa Kiingereza waliokuwa Kongo walifikia jambo hilo wakati ule ule, na mmoja wao, Joseph Dutton, alifariki kwa homa hiyo. Mfanyabiashara anayelala katika vibanda vya udongo njiani na afikirie mara mbili kabla ya kutandika mkeka chini.

Desemba mwaka huo huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Visiwa vya Sese

Mwaka 1906 alipelekwa kuchunguza malale, ugonjwa wa usingizi uliokuwa ukiwamaliza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa, hadi wakazidi elfu moja.

Dawa aliyokuwa nayo iliitwa atoksili, na ndani yake mlikuwa na zarniki, yaani sumu. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Lakini viini vilirejea katika damu, na Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa walilalamika kwa maumivu na kizunguzungu, na wengi walitoroka kambini. Wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena. Ndipo alipopunguza kipimo.

Je, angethubutu kuongeza kipimo vile kwa wagonjwa wa Berlin, ambako magazeti yalimngojea na madaktari wenzake walimpinga? Mimi naamini asingethubutu. Watu wa Sese hawakuwa na gazeti wala wakili. Walikuwa na ugonjwa na tumaini. Hakuna kumbukumbu ya majina yao inayosimuliwa pamoja na jina lake.

Serikali ya Waingereza baadaye iliwahamisha wakazi wa visiwa hivyo hadi bara ili kuwaepusha na mbung'o. Visiwa vikabaki vitupu, na ilipita takriban miaka kumi kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Sisi Wabajuni tuliovikimbia visiwa vyetu mwaka 1991 na baadaye, kisha tukarudi na kukuta visima vimefukiwa na nyumba zimeota miti, tunaweza kuwaelewa watu wa Sese bila mkalimani.

Koch aliondoka Sese mwaka 1907. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi aliyoianzisha mwaka 1891, ambayo sasa ina jina lake.

Aliacha kitu kingine kikubwa kuliko jengo. Tangu mwaka 1885 alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Berlin, vijana kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza njia zake. Mmoja wao, Kitasato Shibasaburo, alirudi kwao Japani akaanzisha taasisi na kufundisha wengine. Taifa lililotuma kijana mmoja kusoma likapata kizazi kizima cha wataalamu.

Leo somo hilo linafundishwa Nairobi, Makerere na Muhimbili, jijini Dar es Salaam, mji ule ule ambao Koch aliuingia mwaka 1897 na hadubini yake. Mwanafunzi hujifunza kukuza viini juu ya agaa, kuvitambua kwa rangi na umbo, na kujua ni dawa gani inavyoviua na ni ipi vimeizoea. Bila mtu huyo daktari hubahatisha, na mwenye duka la dawa huuza chochote.

Haya yote nilimweleza yule mama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kama huko chuoni watamfundisha bintiye pia habari za wale 22 waliopofuka.

Nilimjibu kwamba sijui kama kila mwalimu huzisimulia. Lakini bintiye anazo tayari, kwa kuwa nilimpa kabla yake. Akienda, ataenda na mambo mawili: subira ya yule tabibu wa Wollstein aliyekaa nyuma ya pazia mpaka akahakikisha, na kumbukumbu ya wagonjwa wa kisiwani ambao subira hiyo iliwakosa walipoihitaji.

Mama huyo alisema atauza vitambaa miaka minne mingine. Alichoomba ni kwamba siku binti akirudi, aanze na kisima cha kwao.